Kabla ya pakiti ya unga: Historia ya obusuma imo ndani ya maneno yetu

UKIHUDHURIA mazishi katika kijiji chochote cha Kakamega, utafika wakati ambapo waombolezaji wataombwa wasimame wasali Sala ya Bwana. Wakatoliki na Waprotestanti wataanza pamoja na kwenda sambamba, kisha katikati ya sala sauti zitagongana. Upande mmoja utasema 'mkate', upande wa pili 'riziki'. Halafu watakutana tena mbele kidogo kana kwamba hakuna lililotokea.

Mgongano huu mdogo una somo kubwa kwa mpenzi wa lugha. Neno 'riziki' humwachia kila mtu nafasi ya kujaza sahani yake mwenyewe. Neno 'mkate' hutuachia swali: je, mkate wa kila siku wa mtu wa Kakamega ni upi?

Bila shaka si ule wa dukani. Pwani kuna mikate ya jadi, kama vile mkate wa mofa na mkate wa kumimina. Huku kwetu mkate ulikuja na wageni, na lugha za Waluhya zililazimika kuliazima neno lenyewe kutoka Kiswahili. Hata leo, mpe mtu wa huku slesi sita na chai ya maziwa saa moja jioni, atakushukuru, kisha aulize: "Sasa chakula kiko wapi?" Chakula anachokitafuta ni ugali, au obusuma kwa lugha yake. Asiyekula obusuma amelala njaa, hata kama tumbo limejaa viazi.

Vitabu vyetu vya shule huutaja ugali kuwa 'chakula cha asili'. Watoto hukariri hivyo, nasi walimu tukaweka alama ya vyema. Lakini ugali mweupe wa mahindi tunaousonga Kakamega leo haujakuwa chakula kikuu kwa muda mrefu. Umetawala meza zetu kwa takribani karne moja tu. Jina ni la zamani, kilichomo ni kigeni. Na ajabu ni kwamba maneno tunayoyatumia kila siku yamehifadhi kisa chote cha mabadiliko hayo, ila hatuyasikilizi.

Tuanze na unga. Kwa Kiluhya, unga huitwa obusie. Jina hilo linatokana na kitenzi okhusia, yaani kusaga. Kwa hiyo obusie ni 'kilichosagwa'. Kiambishi obu- ni ndugu wa U- ya Kiswahili tunayoiona katika ugali, unga na uji. Mtu wa zamani aliposema obusie, ndani ya neno lenyewe mlisikika jiwe.

Jiwe hilo lilikuwa katika kila boma. Lilikuwa jiwe pana lililolala chini na kijiwe cha kushika kwa mikono miwili. Nafaka ilimiminwa kidogokidogo, mwanamke akapiga magoti, akasukuma kijiwe mbele na nyuma hadi unga ukadondokea upande wa pili. Nyumbani kwa nyanya yangu jiwe lake bado lipo nyuma ya jikoni. Katikati limebonyea kama bakuli kwa sababu ya miaka ya kusagia. Siku hizi hutekewa maji, kuku wakanywa humo.

Nafaka iliyosagwa hapo haikuwa mahindi. Ilikuwa wimbi, ambalo Watanzania huliita ulezi, pamoja na mtama. Wimbi si mgeni kwetu hata kidogo. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia maelfu ya miaka iliyopita, kisha likavuka bahari hadi India, ambako mpaka leo huliwa na mamilioni ya watu. Kwa hiyo, kama kuna kitu kinachostahili kuitwa chakula cha asili, ni obusuma wa wimbi: mweusi mwekundu, mzito, wenye harufu ya udongo baada ya mvua, ulioliwa kwa omurere, tsisaka au likhubi, mboga zikiwa zimelainishwa kwa maji ya munyu uliochujwa kutoka kwa majivu.

Kazi ya kuufikisha obusuma huo mezani ilikuwa na hatua nyingi, na kila hatua ina neno lake katika Kiswahili. Masuke ya wimbi yalikatwa moja moja kwa kisu kidogo. Yakarundikwa, yakaanikwa, yakapurwa. Yaliyopurwa yakapepetwa kwa uteo ili makapi yaende na upepo. Mtama uliotwangwa kwenye kinu kwa mchi uliacha wishwa na chenga. Baada ya kusaga, unga ulichekechwa, na uliobaki juu ya chekeche ukarudishwa kwenye jiwe. Mwisho wa yote ndipo maji yalipotengwa jikoni na ugali ukasongwa kwa mwiko.

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili tofauti ya kupura, kupepeta na kuchekecha. Wengi watakutazama tu. Si kwamba hawana akili. Maneno hayo yamekosa kazi ya kufanya katika maisha yao. Neno hufuata mkono, na mkono ukiacha kazi, ulimi nao huanza kusahau.

Lakini tusije tukaipamba historia. Jiwe lilikuwa mateso. Mwanamke aliamka kabla ya jogoo ili apate unga wa kutosha familia, na wageni wakizidi, alirudi tena kwenye jiwe jioni. Nilipomwuliza kukhu kama aliyapenda maisha hayo ya zamani, alinicheka. "Mwana wanje," aliniambia, "wewe unalipenda jiwe kwa sababu hukulipigia magoti." Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Ndilo linalonizuia kuandika makala ya kulilia enzi zilizopita.

Sasa tusikilize neno la pili, posho. Ukiwa Kampala ukiagiza posho, utaletewa ugali. Ukiwa Dodoma ukasikia wabunge wanabishania posho, ujue ni fedha za vikao. Hapa Kenya neno hilo tunalisikia zaidi katika poshomili, yaani kisiagi, mashine ya kusagia nafaka. Nchi tatu, maana tatu, lakini shina ni moja. Posho ilikuwa chakula anachopimiwa mtu aliye safarini au kazini kwa mwingine.

Na Kakamega tumo katika kisa hicho tangu mwanzo. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilifika katika makao makuu ya Wanga, mahali walipopaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Mwanawe, Nabongo Mumia, ndiye aliyempokea Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, na ndiye aliyeupa mji wa Mumias jina lake. Msafara uliokuwa umevuka nyanda za wafugaji, ambako nafaka haikuwa rahisi kupatikana, ulikuwa na njaa ulipofika Wanga. Wapagazi walihitaji unga. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, tunataja chombo kilichompimia mpagazi uhai wake.

Tafakari hapo, msomaji. Kibaba cha unga kilichouzwa kwa msafara kilikuwa kimetoka kwenye jiwe, na kwenye jiwe alikuwapo mwanamke. Vitabu vya wasafiri vimejaa majina ya wanaume waliopita Mumias. Aliyewasagia hana jina. Na hapo ndipo obusie ilipoanza kuitwa posho: chakula cha nyumbani kilipogeuka kipimo cha kazi.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega. Wazungu walimiminika, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria ya ardhi ya mwaka 1930, iliyokuwa imewaahidi Waafrika kwamba maeneo yao hayataguswa bila kufidiwa ardhi nyingine. Maelfu ya wanaume wakaajiriwa migodini, ukiwemo mgodi wa Rosterman uliofungwa mwaka 1952. Mtu anayechimba tangu asubuhi hadi jioni hana jiwe wala mke kando yake. Alipewa posho, na kwa kawaida posho ya kibarua wa enzi hiyo ilikuwa unga wa mahindi, takribani ratili 2 kwa siku. Wanaume hao walirudi nyumbani na mshahara mdogo, na pia na mazoea mapya ya ulimi.

Hapo tunafika kwenye neno la tatu, mahindi. Jina lenyewe linakiri ugeni. Watu wa Pwani waliuona mmea huu ukija kutoka ng'ambo ya bahari, wakaunasibisha na Hindi, yaani India. Kwa kweli asili yake ni Meksiko, na ulifika Pwani yetu katika enzi za Wareno. Lakini si Waswahili peke yao waliokosea anwani. Waitaliano huyaita mahindi kwa jina lenye maana ya 'nafaka ya Kituruki'. Waingereza wa zamani waliyaita nafaka ya Kihindi, wakikusudia wenyeji wa Marekani ambao Columbus alidhani ni Wahindi. Kila taifa lililoyapokea lilinyoosha kidole kwingine.

Katika eneo la Nyanza, ambalo wakati huo lilijumuisha Kakamega, mkuu wa mkoa John Ainsworth, aliyehudumu kuanzia mwaka 1907, alisambaza mbegu za mahindi pamoja na za pamba na ufuta. Serikali ilitaka wenyeji wawe na cha kuuza ili walipe kodi ya nyumba, na reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwaka 1901. Lakini amri ya mkoloni peke yake haielezi kwa nini mahindi yalishinda. Watu wetu hawakuwa wajinga wa kuacha nafaka ya mababu kwa kuambiwa tu.

Mahindi yalishinda kwa sababu yalipunguza kazi. Wimbi linahitaji palizi ya mkono kwa mkono, maana kuna gugu linalofanana nalo kama pacha. Mtama na wimbi, masuke yakiwa wazi, huhitaji mtu wa kufukuza ndege kutwa nzima. Mahindi huja yamevikwa maganda, ndege akashindwa. Kazi ya kufukuza ndege ilikuwa ya watoto, na shule za misheni zilipofunguliwa watoto wakaenda darasani. Baba naye alikuwa mgodini, au katika mashamba ya walowezi, au Nairobi. Mama aliyebaki peke yake alifanya hesabu zake, akapanda mahindi. Huo haukuwa usaliti wa mila. Ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye mikono miwili na kazi ya mikono sita.

Kisha vikaja vinu vya maji. Katika miaka ya 1920 na 1930 vinu vinavyozungushwa na mito vilianza kuonekana katika wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, vingine vikimilikiwa na Waafrika wenyewe. Baadaye zikafuata mashine za dizeli, na mlio wake ukawa saa ya kijiji. Mtoto alitumwa kisiagi na debe kichwani, akarudi mweupe kama mzuka. Jiwe likaachwa kwa kuku. Kama ningekuwapo siku hiyo, ningempigia kukhu vigelegele.

Kosa, basi, liko wapi? Halikuwa katika kuyapokea mahindi. Lilikuwa katika kuyaachia shamba lote, na tutalielewa vizuri tukienda mbali kidogo na Kakamega.

Nchini Ayalandi, katika karne ya 18 na 19, wakulima maskini walijikuta wakitegemea kiazi karibu peke yake. Nacho kilikuwa mgeni kutoka Amerika, nacho kilipendwa kwa sababu za maana: kilitoa chakula kingi katika kipande kidogo cha ardhi, wala hakikuhitaji kinu. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ukaingia. Kufikia mwisho wa njaa hiyo takribani watu milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Hasara hiyo haikusababishwa na ugonjwa pekee, maana siasa na umiliki wa ardhi vilichangia pakubwa. Lakini palipo na zao moja, adui mmoja anatosha.

Na unadhani serikali ya Uingereza iliwaletea nini? Mahindi! Waziri Mkuu Robert Peel aliagiza shehena kutoka Marekani, na watu wakauita unga huo 'wa Kihindi'. Wengi hawakuwa na ujuzi wa kuyasaga wala kuyapika, yakawaumiza matumbo. Baada ya muda wakajifunza kupika uji mzito wa unga huo wa manjano, jamaa wa mbali wa ugali wetu. Mkate wa magadi na mtindi, uliookwa ndani ya chungu cha chuma chenye makaa juu ya kifuniko, ambao leo dunia nzima huuita mkate wa jadi wa Kiayalandi, nao ulianza kuenea katika karne hiyohiyo ya 19. Kumbe hata huko 'asili' si ya kale kama inavyodhaniwa.

Turudi nyumbani. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara H611, iliyozalishwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yaliyotoka Ekwado. Mavuno yaliongezeka, na mkulima wa Kakamega akaipokea mbegu hiyo haraka. Muongo uliofuata, kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, mashamba mengi yakageuka ya miwa. Kipande kilichobaki cha chakula kikapewa mahindi. Wimbi likasukumwa ukingoni, likabaki la uji wa mtoto, la pombe ya sherehe, na la mgonjwa wa sukari.

Neno 'unga' nalo likabadilika. Kwa nyanya yangu unga ulikuwa kazi. Kwa mama yangu ulikuwa safari ya kisiagi. Kwa wanangu unga ni pakiti ya kilo mbili yenye picha, na bei yake ni habari ya siasa. Mwaka 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi, serikali ililazimika kugharimia unga ili pakiti iuzwe shilingi 90, na mwaka 2022, uchaguzi ukikaribia tena, ikarudia hatua kama hiyo kwa shilingi 100. Mtu hawezi kutikiswa namna hiyo kwa kitu anachokisaga mwenyewe kutoka ghalani mwake.

Isitoshe, pakiti ina hatari zake. Mahindi yasipokaushwa vizuri hushikwa na kuvu wa sumu ya aflatoksini, iliyoua zaidi ya watu 100 Ukambani mwaka 2004. Mwezi Novemba mwaka 2019 shirika la viwango nchini lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Wimbi lililokaushwa vyema hukaa ghalani kwa miaka bila kuliwa na wadudu. Ndiyo maana wazee walilitunza kama akiba ya njaa. Hawakuwa na maabara, walikuwa na kumbukumbu.

Siku hizi wimbi linarudi, lakini kwa mlango wa nyuma. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na mtama, kwa pendekezo la India. Katika maduka makubwa ya mjini Kakamega unga wa wimbi unauzwa ghali kuliko wa mahindi, na anayeununua ni yule aliyeambiwa na daktari apunguze ugali mweupe. Chakula cha kila mtu kimegeuka dawa ya mwenye pesa.

Simwombi mtu arudi kwenye jiwe. Kukhu angenicheka tena. Mashine ya kijiji inayosaga mahindi inaweza kusaga wimbi na mtama pia, na wako wanaokausha muhogo na kuuchanganya na nafaka hizo wapate ugali mtamu. Ninachoomba ni mambo mawili madogo. Kwanza, tuache kuwafundisha watoto kwamba kila kilichopo ni cha asili. Tuwaambie ukweli: tuliyapokea mahindi kwa sababu za busara, tukayategemea kupita kiasi kwa sababu za uvivu, na tunaweza kuchagua tena.

Pili, tuyaokoe maneno wangali hai wanaoyajua. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kumtuma mwanafunzi kwa nyanya yake na swali moja tu: "Kukhu, ulipovuna wimbi, ulifanya nini kwanza, na nini kikafuata?" Atarudi na kupura, kupepeta, kuchekecha na kusaga, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kila neno likiwa na mkono uliolifanya. Atarudi pia na jina la mtu aliyesaga, jina ambalo wasafiri waliopita Mumias hawakuliandika.

Nami nikisimama tena makaburini, sauti zikagongana kati ya 'mkate' na 'riziki', nitajua ninachokiomba. Nitaomba obusuma, na nitawakumbuka waliopiga magoti kuupata.